Santuri ya Saint-Étienne

Watu wa kanisani kwetu Vickery Meadow, huku Marekani, wananiita Mama Nathanaël, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona Nathanaël. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Bukavu: mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, awe yupo au hayupo. Kwa hiyo kila Jumapili jina la mwanangu linatajwa pale mlangoni, watu wakinipa mkono, na mimi naitika.

Nathanaël alikufa Ufaransa mwaka 1984, katika mji wa Saint-Étienne, kwa ugonjwa wa mapafu. Mapadri walikuwa wamemsaidia kwenda kusomea uhandisi. Sisi tulipata habari akiwa amekwisha kuzikwa. Padri aliyetuletea habari hiyo alikaa nyumbani kwetu Kadutu, Bukavu, mpaka jioni, hakutuharakisha, wala hakutafuta maneno mazuri. Alikaa tu. Mpaka leo namwombea.

Picha zake na kanda alizokuwa akitutumia zilibaki ndani ya nyumba tulipokimbia vita, mwaka 1996. Tulivuka mpaka na nguo tulizovaa. Tuliishi kambini Tanzania miaka kadhaa, halafu tukaletwa hapa Dallas, mimi na binti yangu Anastasie na watoto wake.

Sura ya mwanangu sikuipoteza. Ninaiona kila siku kwenye paji la uso la Zoé, mtoto wa Anastasie. Maneno yake pia ninayo. Kilichonitoka ni sauti. Mtu hawezi kukuambia siku gani sauti inatoka. Nilikuwa kambini, nimejilaza, nikamwita moyoni kama nilivyozoea, na iliyoniitikia ilikuwa sauti ya baba yake. Nikajaribu tena, ikaja ile ile. Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na sikumwambia mtu kwa sababu niliona ni la kijinga. Nilitaka kuisikia sauti ya mwanangu mara moja kabla sijafa.

Zoé alikuwa akisoma chuo, na mwisho wa wiki akifanya kazi katika duka la santuri za zamani, mtaa wa Deep Ellum. Ni mtaa wa vijana waliochorwa mikono. Mwanzoni Anastasie hakupenda.

“Huko kuko watu wa namna gani?” alimwuliza.

“Watu wa kawaida, maman. Wananukia sigara tu.”

“Na wewe utanukia nini?”

“Vumbi,” Zoé akasema, na tukacheka, kwa sababu kweli alirudi na vumbi hata kwenye nyusi.

Siku moja mwaka 2003 alirudi hakuvua hata viatu. Alikuja moja kwa moja jikoni nilipokuwa naosha sombe, yaani majani ya muhogo, akasimama. Koko ndivyo anavyoniita mimi bibi yake.

“Koko, jina la tonton Nathanaël kwenye passeport lilikuwa nani?”

“Mugisho. Wakati ule serikali ilikataza majina ya kizungu.”

“Na alikaa Saint-Étienne.”

“Alikaa. Kwa nini?”

Alinieleza polepole. Tajiri wa duka alikuwa na kitabu kinene chenye picha za majalada ya santuri za Ufaransa ambazo watu hawazipati tena. Zoé alikuwa akifungua kurasa kwa kukosa wateja. Akaona jalada la kitambaa cheusi kilichoshonwa utepe mwekundu kwa mkono, na chini yake majina ya watu watano. La mwisho lilikuwa Mugisho, na mbele yake neno moja: sauti.

Kikundi kiliitwa Rubans Muets, yaani tepe zilizo bubu, na santuri yao moja tu iliitwa Côté vide, upande mtupu. Kitabu kilisema vijana hao waliishi bila ruhusa katika kiwanda cha utepe kilichofungwa, wakifanya muziki kwa mashine zilizoachwa humo, wakichora kuta, wakionyesha sinema zao wenyewe juu ya shuka. Waliokwenda kuwatazama hawakujaza chumba. Santuri walitoa chache, wakashona majalada wenyewe, halafu kikundi kikafa.

Nilikuwa nimeshika sombe, maji yananitiririka hadi kwenye viwiko. Nilijua kwamba Nathanaël aliacha masomo. Hilo tulilisikia. Hatukujua aliyaacha kwa ajili ya nini.

“Sauti,” nikasema. “Imeandikwa hivyo?”

“Hivyo hivyo, Koko.”

“Basi itafute.”

Aliitafuta majuma mengi. Kwenye duka lao haikuwapo, wala Fort Worth, wala kwa wale wanaouziana kwa kompyuta. Mwishowe tajiri wake akakumbuka mtu mmoja wa Houston, fundi wa mashine za baridi, jina lake Hruska, ambaye zamani alikuwa na kipindi katika redio ya wanafunzi. Zoé akampigia simu. Yule bwana akasema santuri anayo, ila haitoki nje ya nyumba yake, hata kwa rafiki. Zoé akamwambia sauti iliyomo ni ya mjomba wake, na bibi yake yuko hai. Halafu akasema tuje siku yoyote tunayotaka, na akauliza kama bibi anaweza kupanda ngazi.

Nilipenda swali lile. Nilimpenda mtu yule kwa swali lile.

Gari ilikuwa ya Kwamboka, Mkenya jirani yetu, nesi. Alikuwa akienda Houston kwa harusi, akasema viti viko. Nikaanza kupika tangu alfajiri. Nilisonga bugali nikaifunga kwa majani ya migomba yaliyotoka dukani yamegandishwa kama mawe. Nikapika sombe, na samaki wadogo wakavu, wale wanaofanana kidogo na sambaza wa ziwa letu.

Anastasie alinikuta nikifunga sufuria kwa kitenge. “Mama, unaenda kusikiliza santuri. Hivi vyungu ni vya nini?”

“Mtu amemkalisha mwanangu nyumbani kwake miaka yote hii. Niende mikono mitupu?”

“Ameweka sahani ya plastiki kwenye kabati, mama.”

“Mwanangu yumo ndani.”

Alinishikia mfuniko, nikafunga fundo. Yeye hakuweza kuja, alikuwa na zamu kwenye ghala kule Euless. Lakini nilipotoka nikakuta amenipigia pasi kitambaa cha kichwa, kile cha sikukuu, bila kunieleza.

Njia ya Houston ni ndefu na imenyooka. Kwamboka alifungua madirisha kabla hatujatoka mjini.

“Mama Nathanaël, nakuheshimu sana,” alisema, “lakini hawa samaki watakaa kwa gari yangu mpaka Krismasi.”

“Watakulinda na wezi.”

“Wezi gani? Hata mimi nitaogopa kuingia.” Akacheka, halafu akauliza, “Sasa huyu kijana aliimba nini? Rumba?”

“Sio rumba, auntie,” Zoé akasema kutoka nyuma. “Ni kitu kama... punk, lakini si punk. Wanagonga vyuma.”

“Wanagonga vyuma. Kijana ametoka Congo, nyumbani kwa magitaa yote ya dunia, akaenda Ufaransa kugonga vyuma.”

“Aliimba vizuri kanisani,” nikasema.

“Sasa si basi angeimba.” Alinitazama upande, akaona uso wangu, akapunguza sauti. “Pole, Mama. Mdomo wangu huu.”

“Usijali. Na mimi nimejiuliza hivyo hivyo.”

Nilikuwa nikijiuliza mengi. Je, nikisikia nisimjue? Kina mama wengine wa kambini waliniambia mzazi hawezi kukosa kumjua mtoto wake. Lakini nilishamkosa mara moja, moyoni mwangu mwenyewe, nikapewa sauti ya baba yake badala yake. Nilikaa nimebana sufuria katikati ya miguu, nikitazama ng'ombe wa watu wa Texas, wanene, kila mmoja na nafasi yake.

Nyumba ya Hruska ilikuwa ya mbao, imeinuliwa juu ya matofali. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, na mikono yenye makovu ya kazi. Alishuka ngazi akachukua sufuria kutoka kwangu, kisha akarudi kunishika kiwiko. Zoé alikuwa akitafsiri. Kwamboka alisema atatufuata baada ya harusi, lakini Hruska alimpa glasi ya maji ya baridi kwanza, akanywa akiwa amesimama.

Chumba chake kilijaa santuri mpaka dirishani. Alikuwa amesafisha kiti kimoja. Nilijua kwa sababu vingine vyote vilikuwa na vitu juu yake. Akatueleza kwamba alipokuwa kijana, yeye na wenzake walikuwa na ghala tupu karibu na mto, hapa Houston, wakipiga mapipa na kuonyesha picha ukutani. Walikuwa wachache, wakadhani wako peke yao duniani. Halafu wakaanza kupelekeana kanda na santuri kwa posta na wengine kama wao, Poland, Japani, Ufaransa. Hawakujuana kwa sura. Bahasha ilikuja, wakaisikiliza pamoja wamekaa sakafuni, wakatuma ya kwao.

“Hii ilikuja mwaka themanini na nne,” alisema. “Niliwaandikia kushukuru. Hawakujibu.”

“Mwanangu alikufa mwaka huo,” nikamwambia. “Labda ndiyo sababu.”

Zoé alipomtafsiria, Hruska aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu aliyekuwa na kinyongo kidogo cha miaka mingi na sasa anakiweka chini.

Jalada lilikuwa kama Zoé alivyosema: kitambaa cheusi, utepe mwekundu. Hruska alinipa nishike. Ule ushonaji ulikuwa wa mtu asiyejua kushona, mshono mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nathanaël hakuwahi kushona hata kifungo. Nilipitisha kidole juu ya uzi wote, mpaka mwisho.

Akaweka santuri, akashusha sindano.

Kwanza zilikuwa mashine. Zilikwenda kwa mpigo, kama watu wengi wanaotwanga pamoja, halafu gitaa moja likakwaruza juu yake, kwa uchungu. Sikuelewa, lakini nilisikia kwamba si watu wa kubahatisha, walikuwa wakisikilizana. Kisha akaja mwanamke. Alikuwa akisema Kiswahili cha kwetu, kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa. Alisalimu. Aliuliza habari. Akanyamaza, mashine zikaenda, akauliza tena, akanyamaza.

Nilingoja amalize ili mwanangu aanze. Nilimwona huyo mama ni mtu mwema lakini anachelewesha.

“Koko,” Zoé akasema. Alikuwa ameniwekea mkono gotini. “Koko, ni wewe.”

“Nani?”

“Anayesema. Ni wewe.”

Nikasikiliza tena. Alikuwa akisema kwamba mbuzi wa mama Rosette amezaa mapacha. Mtu hajui sauti yake, na ile ilikuwa ya mwanamke mwenye meno yote, mwenye mume chumba cha pili anayekohoa. Nilimsikia mume wangu akikohoa. Ilikuwa kanda yangu. Ndiyo, siku zile wengi wetu hatukuandika barua. Tuliazima redio ya kurekodi kwa katekista, tukasema yetu nyumbani, tukampa msafiri kanda. Na mimi nilikuwa na namna yangu, ambayo mume wangu aliicheka sana. Nikiuliza swali, nilinyamaza. Nilikaa kimya kwa muda ambao mtu angehitaji kujibu, halafu ndipo nikaendelea.

“Unapoteza kanda,” mume wangu aliniambia.

“Sasa nikisema bila kupumzika, mtoto atajibu saa ngapi?”

Upande ule ukaisha. Hruska alikuwa akinitazama kwa furaha kubwa, kwa sababu Zoé alikuwa amemwambia. Alisema sauti ile ameisikia miaka karibu ishirini, ameiweka redioni, watu wamempigia simu wakiuliza mama huyu ni nani. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Ningetaka kufurahi naye. Lakini nilikuwa nimetoka Dallas kumtafuta mtu mwingine, na nimejikuta mwenyewe, mtu ambaye simhitaji.

“Mwulize,” nikamwambia Zoé, “na yeye yuko wapi? Wameandika sauti. Sauti yake iko wapi?”

Hruska akasimama, akaigeuza santuri.

Upande wa pili ulianza kimya. Hakuna mashine, hakuna gitaa. Mwanamke yule, mimi, akasalimu vile vile.

“Nathanaël, mwanangu, unanisikia?”

Kukawa na ile nafasi niliyoiacha. Na ndani yake mtu akasema:

“Ninakusikia, mama.”

Sikulia. Watu wananiuliza, na ninawaambia ukweli, sikulia, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kusikiliza. Haikuwa sauti ya baba yake hata kidogo. Ilikuwa juu zaidi, yenye mikwaruzo kama ya mtu aliyetoka kuamka, na mwisho wa kila neno kulikuwa na kicheko ambacho hakijatoka. Nilishangaa ningewezaje kuipoteza.

“Umekula?”

“Nimekula, mama. Viazi tena.”

“Huko ni baridi?”

“Baridi ya kuua mbwa.”

“Ile tricot ya sufu unaivaa?”

“Ninaivaa sasa hivi. Wenzangu wananionea wivu.”

Nyuma yake watu walicheka, vijana, wasichana na wavulana, wakisema Kifaransa, na mmoja akakohoa. Labda ni yeye aliyekohoa. Nilifurahi kwamba walikuwa wamekaa naye. Nilikuwa nimemwona miaka yote akifa peke yake katika chumba cheupe, na kumbe alikuwa na watu wa kucheka nao, waliomwekea mama yake katika muziki wao, na hawakumkata nafasi zake hata moja. Wangeweza kuzikata. Kila mtu mwenye akili angezikata.

Nikamwuliza kuhusu misa, akasema anakwenda mara moja moja. Nikamwuliza kama wanaheshimu watu weusi, akasema, “Hawa ndiyo.” Halafu yule mwanamke akavuta pumzi, nikakumbuka kile anachokwenda kuuliza, nikataka kumzuia.

“Utarudi lini?”

Nafasi ikafunguka. Sauti haikuja. Nilisikia chumba chao: kiti kikisogea, maji yakidondoka mahali fulani, mtu akipumua karibu sana na mashine. Alikuwa anapumua. Kanda yangu ilikuwa imeishia kwenye swali lile, nakumbuka, kwa hiyo hapakuwa na mimi wa kuendelea. Waliacha hivyo. Kulikuwa na pumzi yake na ukimya, kwa muda mrefu, mpaka sindano ikafika katikati na kuanza kuzunguka bure.

Hruska alizoea kuinua mkono wa mashine mara moja, niliona kidole chake kikiondoka gotini. Hakuinua. Aliacha izunguke.

Baadaye akaongea na Zoé kwa sauti ya chini. Alisema wale wanaoijua santuri hii wamebishana siku zote juu ya mwisho wake. Wengine wanasema mashine iliharibika. Wengine wanasema ndipo lilipo jina la santuri, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote walizofanya vijana wale. Anauliza, kama bibi hataona vibaya, pale mwishoni mama anasema nini.

“Mwambie namwuliza mwanangu atarudi lini.”

Akamwambia. Hruska aliangalia nje, kwenye ngazi zake.

Nilifikiri juu ya jambo hilo nikiwa nimekaa pale. Angeweza kusema “karibu.” Watoto wote walioko mbali husema karibu, na mama wote hupokea, ni kama salamu. Hakuwa na nauli, hakuwa na shule tena, na kifua chake alikijua. Alikuwa na maneno ya kila swali, ya viazi na ya mbwa, lakini la mwisho hakutaka kunidanganya, hata kwenye kanda ambayo labda hakutegemea nitaisikia. Akabaki kunipumulia. Nilimlea mimi, namjua. Ile ilikuwa heshima.

Tukala. Hruska alitaka kutafuta uma, Zoé akamwonyesha kukata bugali kwa vidole. Sombe alikula mara mbili. Samaki alimtazama machoni kwanza, nikamwambia asiogope, yule amekwisha kufa. Zoé alipotafsiri, akacheka mpaka akafuta macho, na nadhani hakuwa akifuta kicheko tu.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alinawa mikono, akachukua santuri akaiingiza kwenye jalada lake, akaniwekea mapajani. Zoé alianza kumshukuru. Nilimrudishia. Nilisema hapana, wewe umeitunza kuliko nilivyoweza mimi, nyumba yangu ya Bukavu ilichomwa, na kwetu Dallas hata mashine ya kuipiga hatuna. Ibaki kwako, mimi nitakuja. Alibisha kidogo. Tulipelekeana ile santuri juu ya sahani za bugali kama watu wanaogombea kulipa hotelini. Mwisho tukakubaliana anitolee nakala kwenye kanda.

“Kanda,” nikamwambia Zoé. “Hiyo naijua.”

Alipokuwa akitayarisha waya zake, aliuliza kama wakati tunangoja kuna kitu ninachotaka. Maji, au mto wa mgongo. Kwamboka alikuwa bado harusini.

Nikamwomba arudishe pale anaposema amekula.

Alinyanyua ule mkono, akainama karibu sana, akautafuta mstari kwa jicho. Akaukosa, tukasikia mbwa na baridi. Akajaribu tena, polepole, akishikilia pumzi yake. Yule mwanamke mwenye meno yote akauliza kama amekula. Na mimi nikanyamaza pamoja naye, ili mtoto apate nafasi.